Bei ya Mgeni

Bwana Rufus alikula Amu siku mbili bila kutoa hata senti, kisha akaamua kwamba Amu ni mahali pa bei nafuu. Nikikumbuka, hadi leo damu inanichemka, na si yeye peke yake aliyeichemsha.

Jina langu ni Nerea. Kwetu ni Yala, mbali kabisa na bahari, na mwaka wa sitini na saba nilikuwa hospitalini Amu nikifanya kazi ya fiziotherapi. Mtu akivunjika, akipooza au mshipa wake wa fahamu ukiumia, kazi yangu ni kuufundisha mwili wake upya kusimama, kushika na kutembea. Nilisomea Nairobi darasa moja na kijana aitwaye Fanuel. Tulipasi pamoja, cheti kimoja, ngazi moja ya mshahara. Fanuel akabaki Nairobi, mimi nikaletwa kisiwani Amu. Yeye akapewa alawansi ya mji juu ya mshahara wake, kwa sababu Nairobi maisha ni ghali. Mimi, ukiondoa pesa kidogo ya nyumba, sikupewa kitu. Huko uliko, waliniambia, ni samaki na nazi tu, utatumia nini?

Samaki na nazi! Hebu tia nazi kwenye taa uone kama itawaka. Mafuta ya taa yalitoka Mombasa, pamoja na unga, maharagwe, viazi na sabuni, na mwaka ule malori yalikuja kwa msafara, yakisindikizwa na askari kwa hofu ya mashifta waliovizia njiani. Mvua ikinyesha barabara ilikatika na malori hayakuja kabisa. Kila gunia lilifika Mokowe, ng'ambo ya bara, limeshalipiwa na kila mkono uliolishika, halafu likalipiwa tena kuvushwa. Kabichi ambayo Fanuel aliila hata bila kufikiri, kwangu ilikuwa chakula cha Krismasi. Nikishamtumia mama yangu, kilichobaki kilinifikisha katikati ya mwezi, na kuanzia hapo nilikuwa mtu wa chai ya rangi na mkate.

Mombasa walikuwa wakinitaka. Nafasi ilikuwa wazi, tena na alawansi yake. Niliwaambia wakubwa wangu bila kuficha: nipeni alawansi hapa nibaki, ama mwisho wa mwezi naondoka. Wakajibu kwamba ipo Kamati ya Gharama za Maisha, nayo itamtuma mtu aje ajionee bei za Amu mwenyewe. Mtu huyo ndiye Bwana Rufus.

Na kwa nini sikuwa nimeshaondoka? Mguu wa Mwanamkisi ndio ulionizuia. Mwanamkisi alikuwa mpwa wa Bi Khairiya, mjane niliyepanga chumba kwake. Aliolewa Pate na Madi, mkulima wa tumbaku, na uzazi wake wa kwanza ulimtesa sana. Mtoto alikufa. Yeye alipoamka kitandani, wayo wa kulia ulikuwa unaning'inia, vidole vinakokota chini, kwa sababu mshipa wa fahamu ulibanwa wakati wa uchungu. Kule Pate walisema ni jini. Shangazi yake akamvusha hadi Amu, nami nikamtengenezea gango la ubao na ngozi la kuushikilia wayo usidondoke, na kila siku nikamtembeza kati ya boriti mbili za mkoko alizonichongea seremala. Nilimfanya aokote leso kwa vidole vya mguu mpaka akachoka kuniona. Mwezi mmoja kabla ya mgeni kuja, kidole gumba kiliinuka. Kiliinuka kidogo tu, lakini sote wawili tulilia.

Mshipa wa namna ile hurudi polepole. Ulitaka miezi mingine, na mtu anayejua kuuongoza, la sivyo kifundo kingekakamaa na Mwanamkisi angekokota mguu maisha yake yote. Kabla yangu, chumba kile cha mazoezi kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Nikiondoka kingekuwa stoo tena. Mwanamkisi alilijua hilo, Bi Khairiya alilijua, mtaa mzima ulilijua.

Kwa hiyo kabla mgeni hajafika niliwazungukia watu. Nilimwendea Bwana Muhdhar, mwenye duka la vyakula tulilonunua sote, binamu wa marehemu mumewe Bi Khairiya. Nikamwomba kitu kimoja tu: mtu wa Nairobi akikuuliza bei, mwambie ile unayoniuzia mimi.

"Inshallah, mwanangu," alisema, akiweka mkono kifuani.

Ile inshallah ningeijua maana yake, ningemfungia mlango wa duka.

Bwana Rufus hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani na sauti ya chini, mwenye kusalimu kila mtu na kuwapisha wazee njiani. Aliniita Sista. Alisema amepita vituo vingi na hataki kupendelea mtu: atauliza, atajibiwa, ataandika. Nikafurahi. Nikadhani nimempata mtu mwenye haki.

Tukaanza kwa Muhdhar.

"Sukari unauzaje, mzee?"

"Sukari?" Muhdhar alishtuka kana kwamba ameulizwa habari za chumbani mwake. "Wataka sukari, Bwana? Takufungia."

"Hapana, nataka bei tu. Ndiyo kazi yangu."

"Ah, bei si kitu. Kaa kitini kwanda, kahawa i ndiani."

Kahawa ikaja, na halua, na kiti kikapanguswa kwa kanzu ya mwenye duka. Bwana Rufus akauliza tena. Muhdhar akajipapasa ndevu, akatazama dari, akataja bei. Nilidhani sikusikia vizuri. Kwa bei ile hata yeye mwenyewe asingeipata sukari hiyo bandarini Mombasa. Akaulizwa mafuta ya taa, akataja bei ya kuchekesha. Akaulizwa unga wa mahindi, akasema unga, Bwana, watu hupeana.

"Bwana Muhdhar!" nikasema. "Juzi sukari hiyo hiyo uliniuzia karibu mara mbili!"

Muhdhar alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake amevuliwa nguo hadharani.

"Hayo ni yetu sisi wa ndani, mwanangu," alisema taratibu. "Mgeni hakuya Amu kusikia dhiki zetu."

Bwana Rufus akanigeukia kwa upole ule ule. "Sista, pengine hujazoea kupatana bei. Sisi watu wa bara tunapenda kulipa tunachoambiwa."

Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Mwaka mzima nimekula kwa deni la duka lile, nimesimama pale nikiomba nipunguziwe bei ya kibaba cha unga, leo naambiwa sijui kupatana! Na tulipotoka, Muhdhar alimtilia mgeni kibuyu cha asali mkononi na akakataa katakata kupokea pesa. Sokoni hali ilikuwa ile ile. Muuza samaki aliulizwa bei ya changu mmoja, akamfunga watatu kwa ukindu akampa. Muuza ndizi hakungoja kuulizwa. Kila tulipopita, Bwana Rufus aliingiza mkono mfukoni, na kila mara mkono ulirudi mtupu huku yeye akicheka na kushukuru. Nami nyuma yake nikibeba mizigo ya sadaka, nikiona alawansi yangu inakwenda na maji, tena kwa tabasamu na heshima tele.

Nikajipa moyo kwamba hospitali itasema yenyewe. Siku ya kawaida benchi langu lilijaa tangu asubuhi: watoto waliopooza walioletwa kutoka Kiunga, wazee wa kiharusi, mkata boriti aliyevunjika nyonga. Siku ile benchi lilikuwa tupu, limefagiliwa na kumwagiwa maji. Wagonjwa wangu walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe wasije, wasimsonge mgeni. Aliyekuwapo ni Mwanamkisi peke yake, kati ya zile boriti, gango mguuni, buibui amelikunja kidogo ili nione kifundo.

Bwana Rufus alisimama mlangoni kwa adabu, hakuingia.

"Kwa hiyo kazi yenyewe ni hii? Kukanda?"

"Si kukanda. Naufundisha mshipa—"

"Nimeambiwa hapa wapo kina mama wakandaji wanaokanda waliojifungua, nao hupewa chochote kile, kitambaa au kuku."

"Basi waulize kina mama hao kama wanaweza kuuinua huu wayo," nikang'aka. "Waheshimu, na mimi nawaheshimu, lakini wao wana kazi yao na mimi nina yangu. Na mimi sikuajiriwa kwa kuku!"

Akaandika. Sijui aliandika nini. Mwanamkisi aliinama akajifanya anafunga ukanda wa gango, lakini niliona masikio yake yamesimama.

Kilichonimaliza ni chakula cha mchana. Bi Khairiya alikuwa amesema mgeni wa Nerea hawezi kula hotelini, na tangu alfajiri jikoni moshi haukukatika. Biriani ya kuku, samaki wa kupaka, mikate ya mofa, sharbati ya ukwaju. Nilijua pesa zimetoka wapi, kwa sababu nilimpa mimi mwenyewe mwanzoni mwa mwezi. Zilikuwa kodi yangu. Kodi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mpwa wake, pamoja na kofia chache alizodarizi macho yalipomruhusu, na sasa yote ilikuwa kwenye sinia moja mbele ya mtu mwenye miwani.

Bwana Rufus alikula sebuleni pamoja na Muhdhar, aliyekuja kuwa mwenyeji kwa kuwa nyumba haikuwa na mwanamume. Bi Khairiya aliketi nyuma ya pazia la chumba cha ndani, kama ilivyompasa. Mimi nilikuwa mgeni wa kila upande, nikipita na kurudi na mabirika ya kunawia.

Mgeni alipokwisha kunawa, aliinua sauti kwa heshima kuelekea pazia. "Mama, ahsante sana. Nina swali moja tu la kazi. Huyu Sista anakulipa kodi kiasi gani kwa mwezi?"

Nikasimama na birika mkononi. Sema, Bi. Sema tu. Kila tarehe mosi unazihesabu pesa mbele ya macho yangu, na siku moja nilipochelewa ulininunia mpaka Ijumaa. Sema!

"Kodi?" sauti ilitoka nyuma ya pazia, tamu kama halua. "Astaghfirullah, Bwana. Nerea ni mwanangu. Mtu humlipisha mwanawe?"

Muhdhar aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Bwana Rufus alitabasamu kwa kuguswa kweli. Akatoa kalamu.

"Anadanganya," nikasema.

Bwana Rufus alitazama chini kwa kunionea haya, kama mtu anavyofanya mtoto wa watu anapomvunjia mama yake heshima mbele ya wageni. Na papo hapo nikaelewa kitu kibaya zaidi: ikiwa silipi kodi, basi hata ile pesa kidogo ya nyumba niliyokuwa nikipata wataikata. Nilikuwa nimeomba kuongezewa, na wenyeji wangu wapendwa wamenipunguzia.

Walipoondoka nililivuta lile pazia nusura nilichane.

"Kwa nini, Bi Khairiya? Kwa nini?"

"Ulitaka nisemeni?" Alilirudisha pazia mahali pake. "Muhdhar ameketi pale asikiza. Nimwambie mwanamume mgeni kuwa mimi, binti wa nyumba hini, nauza zumba kwa kodi? Mui mzima ungelala na ina langu mdomoni."

"Umenifukuza Amu!"

"Sikukufukuza. Nimesema hulipi, basi hutalipa. Tangu yeo sipokei."

"Na utakula nini?"

"Mola yuko."

"Mola yuko Nairobi pia, lakini huko wanapewa alawansi!"

Akashika kinywa. Najua nilikufuru, na wakati ule sikujali. Nilipiga teke kikapu cha ndizi za sadaka, nikasema maneno mengi: kwamba mnaficha umaskini wenu kana kwamba ni uzinzi, kwamba serikali imepata mjane wa kuilipia watumishi wake, kwamba heshima yenu inalishwa kwa tumbo langu. Bi Khairiya alianza kukusanya makombo ya biriani kwenye bakuli, punje kwa punje, ili kuwe na cha kula usiku.

Mwanamkisi alikuwa ameketi kitandani wakati wote huo.

"Kwa hiyo mguu wangu utabaki hivi," alisema. Hakuuliza.

Hapo ndipo hasira iliponiishia pumzi, nikaenda chumbani kwangu.

Asubuhi kitanda cha Mwanamkisi kilikuwa kitupu na gango halikuwapo. Nilitoka mbio. Nilimwona mbele yangu kwenye uchochoro, buibui limemfunika, mkono mmoja unagusa ukuta, anainua goti, anatua kisigino, anainua goti, anatua kisigino, vile vile nilivyomfundisha. Hakuwahi kutoka hospitalini hadi nyumbani bila kushikwa, na sasa alikuwa ameshavuka nusu ya mji.

"Usinishike," alisema nilipomfikia. "Nikishikwa wataamba nimeetwa nawe."

Gatini, boti ya kwenda Mokowe ilikuwa imeshawasha injini. Bwana Rufus alisimama kati ya vikapu vyake, samaki, asali, halua kopo zima, huku Muhdhar akimuaga na wapagazi wakimzunguka. Mwanamkisi alikwenda mpaka mbele yake. Mwanamke wa Pate, wa nyumba ya watu, kusema na mwanamume mgeni mbele ya gati nzima, lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana.

"Bwana," alisema. "Yana tulikudanganya. Sukari ya Bwana Muhdhar haiuzwi vile. Mafuta hayauzwi vile. Na huyu Nerea yuwalipa kodi kila mwezi, shangazi yangu aipokea kwa mkono wake. Tuliona haya kukwambia."

Bwana Rufus alivua miwani. "Mzee Muhdhar, ni kweli?"

Muhdhar aliangalia maji. Kisha akasema, kwa sauti ya huruma, "Msamehe, Bwana. Ni mgonjwa huyu. Alifiwa na mwana, na tangu hapo kitwa chake hakijatulia."

Nilimwendea. Sijui nilikusudia kumfanya nini mzee wa watu, labda kumsukuma baharini na kanzu yake nyeupe. Lakini kabla sijamfikia, umati ulipasuka na Bi Khairiya akatokea, anahema, buibui limemkaa upande. Tangu afiwe na mumewe hakuwa amekanyaga gatini mchana. Hakumtazama Muhdhar wala mgeni. Alikuja moja kwa moja kwangu na akanyoosha mkono, kiganja juu, pale pale mbele ya wapagazi.

"Nerea," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye boti. "Kodi yangu ya mwezi uyao, usiicheleweshe kama ulivyofanya mara ile. Mimi ni mjane. Kodi hiyo ndiyo nilayo."

"Nitakupa mshahara ukitoka, Bi."

"Yote?"

"Yote, Bi. Kama kawaida."

Mkono wake ulibaki umenyooka mpaka kila mtu aliyekuwapo akawa ameuona. Muhdhar alikohoa. Kisha, bila kuinua macho, akataja bei ya sukari. Bei ya kweli. Akataja ya mafuta. Mpagazi mmoja akapaza sauti kutaja ya unga, mwingine akasema na maharagwe je, muuza samaki akapiga kelele kwamba hata ndoana siku hizi hazinunuliki, na kwa ghafla gati nzima ikawa inatoa yaliyokuwa yamefungiwa majumbani. Bwana Rufus aliketi juu ya sanduku lake, akafuta aliyoyaandika jana, akaandika upya haraka haraka. Alimwambia nahodha asubiri. Nilikuwa nacheka na kulia. Nilimkumbatia Bi Khairiya akaniambia nimwachilie, watu wanatazama.

Bwana Rufus alipomaliza, alisimama na kumtazama Mwanamkisi. Alimtazama hasa, kuanzia juu hadi chini.

"Huyu siye yule mama niliyemwona jana katika zile boriti?"

"Ndiye," nikasema kwa fahari.

"Na leo amekuja mwenyewe mpaka hapa? Kwa miguu?"

"Kwa miguu yake! Bila kushikwa!"

"Hongera, Sista. Hongera kweli." Akanipa mkono, na furaha ya usoni pake haikuwa ya uongo. "Basi nitaandika ukweli wote, kama nilivyokuahidi. Bei za Amu ziko juu sana, hilo nimeliona. Na mgonjwa wako amepona, hilo pia nimeliona."

"Hajapona! Angalia gango. Ukilivua ataanguka, mshipa haujafika hata nusu—"

"Sista, anatembea."

"Na wengine? Watoto wa Kiunga? Mkata boriti wa nyonga?"

"Mbona jana sikuwaona?"

"Walikaa nyumbani kwa ajili yako! Kwa heshima yako!"

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Jana mliniambia hivi, leo mnaniambia vile. Niruhusu niandike nilichokiona kwa macho yangu. Kituo ghali, mgonjwa mmoja, naye anatembea. Kamati haiwezi kuweka alawansi kubwa kwa kazi iliyokwisha. Lakini usihofu, Mombasa watakupokea kwa mikono miwili."

Akaingia botini. Nilimtukana kwa Kijaluo, nikamtukana kwa Kiswahili, nikaitukana kamati na aliyeizaa. Injini ilinguruma juu ya sauti yangu, naye akadhani namuaga, akavua kofia na kunipungia mpaka boti ikawa ndogo.

Watu walianza kutawanyika. Mwanamkisi alikuwa bado amesimama alipokuwa amesimama, ameegemea mguu wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia ulikuwa umechoka na vidole vimeanza kushuka ndani ya gango. Hakuwa amesikia vizuri kwa sababu ya injini.

"Aambaye?" aliniuliza, akiionyesha boti kwa kidevu. "Utabaki?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote kama yalivyosemwa, kwa sababu siku mbili zile nilikuwa nimechoshwa na maneno mazuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akautazama mguu wake uliovuka mji mzima asubuhi ile.

"Lau ningaliyua," alisema, "ningalikuya nikitambaa."